Kangaga likishaushika mlima, msitu haurudi wenyewe. Njooni tuongee

Mwenye uzi

Wakuu, heshima kwenu. Uzi huu ni mrefu kidogo, nivumilieni.

Juu ya shamba alilotuachia marehemu baba, huku Lushoto, kuna kiteremko cha kama ekari tatu kinachopakana na msitu. Kiliungua nikiwa darasa la sita. Wazee wakasema kiacheni, miti itarudi, kwani msitu si uko hapo hapo jirani? Leo mwanangu wa kwanza yuko sekondari na kiteremko ni kile kile, kangaga tupu. Nazungumzia yale majani marefu yaliyochanika kama manyoya ya ndege, ambayo kwetu yanamfika mtu mzima kifuani. Pembeni, ukiukaribia msitu, utaona mti mmoja mmoja umejitahidi. Katikati hakuna kitu.

Mimi naishi kwa kitalu cha miche, kwa hiyo miaka yote niliamini tatizo ni miche. Nimepanda pale mara mbili, na mara zote mbili miche imefia humo humo. Ndipo nikaanza kulifuatilia jani lenyewe, kwa kusoma na kwa kuchimba. Nilichokiona kimenibadilisha mawazo. Tulidhani ardhi ile inapumzika. Haipumziki, imekwama, na itaendelea kukwama mpaka mtu aingilie kati.

Kitaalamu huyu anaitwa *Pteridium aquilinum*. Hilo neno la pili linatokana na tai kwa Kilatini. Ukikata bua la jani kwa mshazari karibu na ardhi, mirija ya ndani inachora alama ya hudhurungi ambayo wengi huiona kama tai aliyetanua mabawa. Jaribuni, nimewaonyesha watoto wangu na wameiona. Ukiacha Antaktika, hakuna bara asikokuwepo. Hana ua wala mbegu. Anazaa kwa spora, vumbi laini linalokaa chini ya ukingo wa jani uliojikunja, na jani moja lililokomaa linaweza kutoa spora zinazofika milioni 300. Upepo ndio unaozisambaza.

Lakini nguvu yake haiko kwenye spora, iko chini. Mwaka juzi nilichimba shimo la mita moja kwa mita moja pale katikati. Nikakuta mashina ya ardhini meusi, unene wa kidole, yamepishana kama kamba zilizotupwa ovyo. Ukiyavunja, ndani ni meupe na yanateleza. Mengine yalikuwa chini kabisa, jembe likizama lote. Hiyo ndiyo ghala. Wanga wote ambao majani yameutengeneza msimu mzima unateremshwa kule, na kwenye kila shina kuna macho yanayosubiri zamu yao ya kuchipua. Yale majani elfu unayoyaona mlimani huenda ni ya mmea mmoja tu. Kule Finland wataalamu wamepima koo moja ya kangaga wakakadiria umri wake kuwa zaidi ya miaka 1,400.

Sasa msitu anauzuiaje?

Kwanza ni kivuli. Majani yakishafunguka yanafunga juu kama paa, na mche wa mti ulio chini unabaki gizani. Yakikauka hayaozi upesi. Yanalala tabaka juu ya tabaka, na pale kwetu nilipima godoro la sentimita 30. Mbegu ikianguka inaning'inia juu ya makavu haya, haigusi udongo, inachipua kidogo kisha jua linaiua. Ikibahatika kupita, inakutana na panya, maana mle ndani wamejificha vizuri na mwewe hawaoni. Kuna pia kemikali zinazotoka kwenye majani na kwenye takataka zake na kubana uotaji wa mimea mingine. Kipimo chake bado wataalamu wanabishana, kwa hiyo mimi siitegemei sana hoja hiyo.

Pili, mbegu zenyewe haziji. Nyingi za misitu yetu ya milimani hubebwa na ndege, nyani na popo. Hondohondo atatua wapi kwenye uwanja wa kangaga? Hakuna tawi wala tunda. Anapita juu kwa juu.

Tatu ni moto, na hapa ndipo penye siri yote. Godoro lile kiangazi ni petroli. Likishika, moto unapita haraka, unaua kila mche ambao roho yake iko juu ya ardhi. Joto la moto wa namna hii haliingii sana udongoni, sentimita chache tu, na macho ya kangaga yako chini zaidi. Baada ya wiki chache utaona vichwa vyake vimejikunja kama mkia wa kinyonga vikitokeza kwenye majivu, na juu yake hakuna mshindani hata mmoja. Halafu majivu yenyewe yanapunguza tindikali ya udongo wa juu, hali inayozifaa spora kuota. Kwa hiyo kila moto unamrudisha mti sifuri na kumwacha kangaga na ghala lake. Miaka miwili mitatu, godoro limejaa tena, linasubiri kiberiti.

Mfano mkubwa kuliko wote ninaoujua uko Nyungwe, Rwanda. Nilipita kule mwaka jana kwa barabara ya Huye kwenda Rusizi. Unaingia kwenye msitu mnene, wa baridi, mbega wanaruka juu ya barabara, kisha ghafla unatokea mgongo wa mlima uliovaa kangaga. Ukame wa 1997 ulileta mioto mikubwa mle, ikateketeza zaidi ya asilimia 10 ya msitu wenye ukubwa wa takriban kilomita za mraba 1,000. Moto mwingi katika misitu ile huanzia kwa warina asali wanaofukiza nyuki. Baada ya hapo kangaga likatawala, na sehemu kubwa zilizoungua hazikurudi kuwa msitu. Ni maji ya nchi yale, wakuu. Mgongo wa Nyungwe ndio unaogawa mito inayokwenda Nile na inayokwenda Kongo.

Watu wa uhifadhi pale walijaribu kitu rahisi: waliweka viwanja, vingine wakaondoa kangaga, vingine wakaviacha. Kwenye vilivyofyekwa miche ya miti ya asili ikajitokeza kwa wingi kuliko vilivyoachwa. Hawakupanda. Waliondoa kizuizi tu, msitu ukafanya kazi yake.

Hilo ndilo lililonitoa usingizini. Miaka yote nauza miche, na pale kwangu pengine hata miche haikuhitajika.

Karibuni kwa maoni na uzoefu.

Mkulima wa Njombe

Mkuu shikamoo kwa uzi huu, umenigusa. Huku kwetu kangaga liko kila mahali kwenye udongo mwekundu wenye tindikali. Wazee wanasema ukiliona jua ardhi imechoka. Swali langu, kwa nini tusichome kila mwaka mfululizo mpaka lichoke? Babu alikuwa anafanya hivyo akipanda ulezi.

Mwenye uzi

Marahaba ndugu yangu. Babu alikuwa hachomi peke yake. Baada ya kuchoma alilima, na jembe ndilo lililokuwa linakata mashina ya ardhini na kuyaanika juani. Halafu palizi ya ulezi ikang'oa machipukizi tena na tena. Moto ulikuwa wa kusafisha njia tu. Ukichukua moto ukaacha jembe, umelisaidia kangaga.

Na hilo la ardhi kuchoka lina ukweli nusu. Linapenda udongo wenye tindikali, wa kina, usiotuamisha maji. Lakini nimeliona pia kwenye udongo mzuri mweusi uliokuwa msitu juzi tu. Linaonyesha zaidi kwamba hapo pamepita moto au shoka.

Mama mfugaji

Jamani naomba niulize nje kidogo ya mada. Nina ng'ombe wa maziwa, nakata majani kandokando ya msitu. Mmoja alianza kukojoa damu. Daktari wa mifugo aliyekuja akasema ni kupe, akachoma sindano, ikatulia, ikarudi. Mwishowe tukampoteza. Jirani mmoja ndiye aliyeniambia kuwa ni yale majani. Inawezekana?

Mwenye uzi

Mama, pole sana. Wala hujatoka nje ya mada.

Inawezekana kabisa. Kangaga lina sumu inayoitwa ptakwilosaidi, iliyotambuliwa mwaka 1983. Ng'ombe akilila kidogo kidogo kwa muda mrefu, linamharibu kibofu, vivimbe vinaota na anakojoa damu. Ugonjwa huo unajulikana sehemu nyingi za milimani duniani, kuanzia Uturuki mpaka Brazili na visiwa vya Azores. Akila jingi kwa mkupuo, uboho unaharibika na anaweza kuvuja damu sehemu nyingi za mwili. Farasi na punda nao lina namna nyingine ya kuwadhuru: linaharibu vitamini B1 mwilini, mnyama anaanza kuyumba.

Mkojo mwekundu wa kupe kwa kawaida huja na homa kali na kwenda kasi. Huu wa kangaga huja na kuondoka kwa miezi, ng'ombe anakonda, homa hakuna. Lakini mimi si daktari. Ukiona tena, omba apimwe damu na mwambie mtaalamu wazi wazi kwamba anakula majani ya kando ya msitu, maana asipoambiwa hawezi kujua.

Jambo jingine muhimu kwako: sumu hii inapita kwenye maziwa. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani limeliweka kangaga kwenye kundi la vitu vinavyoweza kusababisha saratani kwa binadamu. Kwa hiyo usikate majani pale, hasa mwanzo wa mvua. Machipukizi ndiyo yenye sumu nyingi, na ndio wakati majani mengine ni haba na ng'ombe ana njaa.

Kijana wa SUA

Nondo kali. Niongeze kitu kimoja: ukiangalia chipukizi asubuhi, pale vitawi vinapogawanyika kuna vitundu vidogo vyeusi vinavyotoa utamu, na sisimizi wadogo wamejazana. Inadhaniwa wanafukuza wadudu wanaotaka kulila. Kwa hiyo lina walinzi juu, sumu ndani, ghala chini. Ndiyo maana karibu hakuna mdudu anayelimaliza.

Mwenye uzi, vipi kuhusu dawa za kuua magugu? Mbona ni rahisi kuliko kufyeka?

Mwenye uzi

Asante mdogo wangu, hao sisimizi nimewaona ila sikujua kazi yao.

Dawa. Uingereza kwa miaka mingi walitumia asulamu, hata kwa helikopta, kwa sababu ilikuwa inalenga jamii ya kangaga zaidi ya mimea mingine. Mwaka 2011 Umoja wa Ulaya ukakataa kuiidhinisha tena. Zile zinazouzwa madukani kwetu zinaua kila chenye kijani, pamoja na ile miche ya asili unayoitafuta. Na mimi niko juu ya chemchemi inayonywesha kijiji. Siwezi.

Hata hivyo kufyeka nako msidhani ni siku moja. Huko Uingereza wameendesha majaribio ya kufyeka mara mbili kwa mwaka kwa miaka 18 mfululizo, kangaga likapungua mno lakini halikufa lote. Ndiyo maana nasema lengo lisiwe kulimaliza. Lengo ni kulidhoofisha kwa muda wa kutosha mti upite juu yake. Mti ukishalifunika, kivuli kitamalizia kazi.

Siri iko kwenye muda wa kufyeka. Chipukizi linapotoka, linakula akiba ya ghala. Jani likifunguka lote ndipo linaanza kurudisha deni. Fyeka hapo katikati, jani likiwa ndiyo kwanza limefunguka, kama wiki sita tangu lichipue. Ghala liko chini kabisa siku hiyo. Ukifyeka kiangazi majani yakishakauka, umejichosha bure, akiba imeshahifadhiwa.

Mdau asiyekubali

Mkuu naheshimu juhudi zako lakini nitapinga kidogo. Dunia imejaa misitu iliyorudi yenyewe bila mtu kushika panga. Kangaga ni mmea wa asili hapa, halikuletwa na meli. Labda ni hatua tu ya msitu kujijenga, tunakosa subira. Na kule kwenye mteremko mkali ukiliondoa, udongo wote si utashuka na mvua?

Mwenye uzi

Hoja yako ya mwisho naikubali kwa mikono miwili, naianza hiyo. Kangaga linashika udongo. Mwaka wa mvua kubwa, mashamba ya viazi jirani yalimeguka, kiteremko chetu hakikumeguka hata kiganja. Kwa hiyo sishauri mtu aling'oe kwa jembe kwenye mteremko. Kata juu, acha mashina ardhini, na majani uliyokata yalaze hapo hapo kwa kukingama na mteremko. Ila yaondoe mguuni mwa mche. Wengine hawakati kabisa, wanalikanyaga na kulivunja bua bila kulitenganisha. Uingereza hufanya hivyo kwa roli za chuma zinazovutwa na farasi au trekta.

Na ni kweli ni la asili. Silichukii. Ndani ya msitu mzima lipo, limekaa kwenye kona zake, halimsumbui mtu. Shida ni pale moto unapoliondolea washindani wote kwa wakati mmoja.

Kuhusu subira, inategemea mambo mawili: msitu uko umbali gani, na moto unarudi au haurudi. Karibu na ukingo miti inaingia yenyewe, hata kwangu imeingia. Bwindi kule Uganda, kwa masokwe, kuna maeneo ya wazi yaliyoshikwa na kangaga ndani kabisa ya hifadhi. Watafiti walijaribu mbegu na miche ya miti mbalimbali chini yake wakaona mambo hayafanani mti kwa mti: mwingine unabanwa sana, mwingine unavumilia. Ndiyo maana nasema tuchague mti wa kuanza nao. Lakini moto ukija kila baada ya miaka michache, subira ya miaka mia haitoshi. Saa inarudishwa nyuma kila mara.

Ndugu yenu wa Huye

Nawasalimu kutoka Rwanda. Kiswahili changu mnisamehe. Nathibitisha habari ya Nyungwe. Mti tuliouona ukitangulia sehemu nyingi zilizoungua ni Macaranga, una majani mapana sana, unakua haraka. Ukishafunga juu, kangaga linakuwa jembamba, linalala. Na jambo la warina asali: wengi sasa wako kwenye vyama vya ushirika, wana mizinga ya kisasa nje ya hifadhi. Hiyo imesaidia kuliko kukimbizana nao na bunduki.

Mwenye uzi

Kiswahili chako kimenyooka ndugu yangu, tena umeleta jambo kubwa. Majani mapana!

Huko Mexiko, jimbo la Chiapas, jamii ya Walakandoni ambao ni Wamaya wana mbinu ya zamani. Kangaga likivamia shamba walilolipumzisha, wanamwaga mbegu za balsa, mti laini wenye majani makubwa kama sinia, na kupalilia kangaga miezi ya mwanzo tu. Balsa unakimbia juu, unafunga kivuli, na majani yake yanaanguka yanafunika chini. Watafiti waliipima mbinu hiyo wakaona mashina ya kangaga ardhini yanakufa ndani ya mwaka mmoja na nusu hivi. Wenyeji walikuwa wanajua kabla ya mtafiti yeyote kufika.

Sisi hatuna sababu ya kuleta balsa. Tunayo Macaranga, tunao mshai, tunazo Polyscias na Trema, yote ya hapa hapa, inakua haraka na ndege wanaipenda. Kosa langu mara zile mbili lilikuwa kupanda miti ya thamani ya kivulini, inayokua polepole, moja kwa moja ndani ya kangaga. Nilikuwa naanzia mwisho.

Mkulima wa Njombe

Mkuu sasa tupe ratiba. Wewe mwenyewe unafanyaje pale kwako?

Mwenye uzi

Nimeanza na robo ekari, upande unaopakana na msitu, maana huko ndiko mbegu zinakotoka. Nikianzia katikati nitapigana peke yangu.

Kabla ya yote nilichimba njia ya moto, upana wa mita sita, nimeisafisha mpaka udongo. Kisha nikatembea mle ndani kwa magoti nikitafuta miche iliyokwishaota yenyewe. Nilikuta 41, wakuu, katika robo ekari, mingine haifiki shubiri, imejipinda ikitafuta mwanga. Kila mmoja nikausimikia kijiti chenye kitambaa chekundu ili fyekeo lisiuguse. Hili msiliruke. Vibarua wakiingia na fyekeo bila alama, watamaliza miche yote kabla ya saa nne.

Mwaka jana nilifyeka mara tatu: masika yakiwa yameshakolea, kisha Julai kwa machipukizi ya pili, kisha vuli. Mwaka huu mara mbili zimetosha, bua zinazorudi ni fupi na nyembamba kama penseli. Palipokuwa tupu kabisa nimepanda mishai na Macaranga kwa nafasi ya mita mbili, karibu karibu makusudi, ili matawi yashikane mapema. Nimesimika pia nguzo sita zenye vitawi juu, za ndege kutua. Chini ya nguzo mbili nimeshaona vinyesi vyenye mbegu.

Jumamosi nilikwenda kuhesabu. Ile 41 imebaki 37, na kuna mingine 60 na ushee ambayo sikuipanda, nyingi ndogo sana siwezi hata kuitambua. Mmoja najua ni mkuyu. Robo inayofuata naiwekea vijiti wiki ijayo kabla mvua hazijaanza. Mwenye uzoefu wa kutambua miche ya msituni ikiwa na majani mawili matatu tu, naomba anisaidie, nitaweka picha hapa kesho jioni.